Kilebu Hakingwi kwa Sindano Moja

"Nilimchanja, na bado akafa." Neno hili nimelisikia kwa watu wazima wenye akili timamu, wa Tanga na wa Mombasa, wa Dar es Salaam na wa Nairobi, watu ambao hawakuwa wabahili wala wazembe, waliomchukua kilebu wao, yaani mtoto wa mbwa, akiwa na wiki sita au saba, wakampeleka kwa daktari wa mifugo, wakalipa walichotakiwa kulipa, wakarejea nyumbani na kadi mkononi na utulivu moyoni, na kabla mwezi haujapinduka mnyama yule akalala pembeni mwa banda bila kuinua kichwa, akakataa chakula, akatapika povu la manjano, kisha akaharisha damu yenye harufu ambayo mtu akiisha kuinusa mara moja haimtoki tena, na siku ya tatu au ya nne akafa. Kinachofuata baada ya msiba huo ndicho kinachonishughulisha leo, kwa kuwa mwenye mbwa aghalabu hutoa moja ya hukumu mbili, na zote mbili zimekosa insafu: ama husema kwamba chanjo ni biashara ya wauza dawa isiyo na manufaa, ama husema kwamba ajali ya mnyama ilikuwa imefika na hapana awezaye kuizuia. Mimi nasema kwamba chanjo haikumsaliti mnyama yule. Kilichomponza ni hesabu ya wiki. Sindano aliyopigwa ilikuwa ya kwanza katika mfululizo, na ile ambayo ingemwokoa hasa ni ya mwisho, ambayo hakupata kuifikia.

Maradhi yenyewe, ambayo madaktari na wafugaji wote wanayaita parvo, hayana umri mrefu duniani. Babu zetu waliofuga mbwa wa kuwindia nguruwe mashambani hawakuyajua, wala matabibu wa wanyama wa Ulaya wa zama zile hawakuyajua, kwa sababu hayakuwapo. Ilikuwa mwaka 1978 ndipo mbwa walipoanza kufa kwa makundi katika nchi zilizo mbalimbali na mabara yaliyo mbalimbali, kwa uele ambao vitabu vya tiba havikuwa na ukurasa wake, na katika muda wa miaka miwili hivi ulikuwa umekwisha kuizunguka dunia. Wataalamu walipoichunguza damu ya mbwa iliyokuwa imehifadhiwa tangu zamani, waliziona athari zake katika Ulaya ya miaka michache tu kabla ya hapo, na nyuma ya miaka hiyo hawakuona kitu. Asili yake ni kirusi cha paka, au ndugu yake wa karibu mno, kilichokuwa kikijulikana tangu kale kwa kuwaua paka na jamaa zao. Kirusi hicho kilipatwa na mageuzi katika ganda lake, machache kiasi cha kuhesabika kwa vidole, na mageuzi hayo yakakipa uwezo wa kuzishika na kuziingia seli za mbwa, ambazo hapo kwanza zilikuwa zimefungika mbele yake.

Maadamu hapakuwa na mbwa hata mmoja aliyepata kukutana nacho, hapakuwa na mbwa mwenye kinga, mkubwa wala mdogo, wa nyumba ya fahari wala wa jaani. Vilebu wachanga walikufa ghafla wakiwa bado wananyonya, kwa kuharibika misuli ya moyo, na wakubwa wakafa kwa kuharisha. Madaktari wa siku zile, kwa kuwa hawakuwa na dawa yake, waliazima chanjo ya paka, nayo ikawafaa kwa kiasi. Kisha Leland Carmichael na Max Appel wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika jimbo la New York, wakaipatia dunia chanjo itokanayo na kirusi cha mbwa chenyewe kilichodhoofishwa hata kikawa hakiwezi kuua. Tangu hapo kirusi hakikutulia, kwani jamii zake mpya zilizuka kwenye mwaka 1980, tena mwaka 1984, na tena mwaka 2000 huko Italia, hata leo kimejipatia upya uwezo wa kumrudia paka. Walakini chanjo zilizopo zingali zinakinga dhidi ya jamii zake zote. Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu wapo wanaodhani kwamba dawa imechakaa na maradhi yameishinda, na dhana hiyo huwafanya waache hata kujaribu.

Kirusi chenyewe ni kidogo kupita kadiri ya wazo. Upana wake ni kama sehemu 25 za milimita iliyogawanywa mara milioni moja, na lau vingepangwa vingine ubavuni mwa vingine vingetakiwa 40,000 kuijaza milimita moja. Udogo huo si hoja kubwa. Hoja ni kwamba hakina ule utando wa mafuta uliovifunika virusi vingine vingi, utando ambao ukipasuliwa kwa sabuni au kwa spiriti kirusi hufa papo hapo. Hiki cha parvo hakina cha kupasuliwa. Huingia kwa kinywa, mnyama anaponusa na kulamba penye kinyesi cha mgonjwa, hupita katika damu, kisha hutafuta seli zinazozaliana kwa haraka, kwa sababu bila seli zilizo katika kazi ya kugawanyika hakiwezi kujizidisha. Nazo seli za namna hiyo mwilini mwa kilebu zimejaa mahali pawili: katika ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba, ambayo hujiumba upya kila siku chache, na katika uboho wa mifupa, unakotengenezewa damu. Basi kwa wakati mmoja ukuta wa utumbo hubomoka, bakteria waliokuwa ndani ya tumbo wakapenya hadi kwenye damu, na chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kuwapiga bakteria hao nazo zikawa zimetoweka. Mnyama hufa kwa kukaukiwa na maji na kwa sumu ya damu. Wasiotibiwa, katika kila kumi hufa takriban tisa.

Sasa tuje kwenye hesabu ya wiki, ambayo ni roho ya makala haya. Kilebu hazaliwi mtupu. Mama yake, ikiwa amechanjwa au amepata kuugua akapona, ana kingamwili katika damu yake, na kiasi kidogo cha kingamwili hizo humpitia mtoto akiwa tumboni, lakini sehemu kubwa humpa katika dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, ambayo utumbo wa mtoto unaweza kuyanyonya na kuyapeleka damuni katika siku ya kwanza tu ya uhai wake, kisha mlango ukafungwa. Hayo ni kama masurufu ambayo mama humfungia mtoto wake anayeanza safari: ni mengi au haba kwa kadiri ya uwezo wa mama, nayo hupungua kila siku bila ya kuongezwa. Madaktari wameipima kasi ya kupungua kwake, wakaona kwamba katika kila siku kumi hivi hubaki nusu ya kilichokuwapo. Siku ya 40 imebaki sehemu moja katika 16, siku ya 60 sehemu moja katika 64, na siku ya 80 sehemu moja katika 256. Kilebu aliyepewa masurufu mengi na mama mwenye kinga kubwa huweza kufika wiki ya 12 au zaidi akiwa bado amehifadhika, ilhali yule wa mama asiyechanjwa, au yule dhaifu aliyesukumwa na ndugu zake siku ya kwanza asinyonye vya kutosha, huwa wazi mbele ya maradhi akiwa na wiki tano. Wote wawili wanaweza kuwa wa tumbo moja, wa rangi moja, wanaocheza pamoja, na hapana jicho la mwanadamu liwezalo kuwapambanua.

Kingamwili za mama hazitofautishi baina ya adui na rafiki, na hapa ndipo shida ilipo. Chanjo ni kirusi kilicho hai japo kimedhoofishwa, na kinapoingia katika mwili wenye akiba ya mama bado, kingamwili zile hukiangamiza kabla mwili wa mtoto haujapata kujifunza chochote kutokana nacho, ikawa kana kwamba sindano haikupigwa. Siku zikizidi kwenda akiba hupungua hata ikafika kiwango ambacho hakitoshi tena kukizuia kirusi cha mtaani, chenye nguvu na kilicho kingi, lakini kingali chatosha kukiua kile dhaifu cha chanjo. Na katika muda huo, ambao huweza kuchukua wiki mbili na hata kuzidi, kilebu yu hatarini na chanjo haimshiki. Hapana hila ya kuufuta muda huo. Lililopo ni kurudia, ili kwamba siku yoyote ambayo akiba ya mama itakwisha, sindano iwe haiko mbali. Na kurudia huko kusikome mpaka umri ambao karibu kila kilebu, hata aliyetajirishwa na mama yake kupita wenziwe, amekwisha kuwa mtupu na tayari kujifunza.

Kwa sababu ya hesabu hiyo Shirika la Dunia la Madaktari wa Wanyama Wadogo, lijulikanalo kwa herufi za WSAVA, huagiza kwamba chanjo ianze baina ya wiki ya sita na ya nane, irudiwe kila baada ya wiki mbili hadi nne, na isikome mpaka kilebu awe ametimiza wiki 16 au zaidi. Kisha apewe nyingine akiwa na umri wa kama miezi sita, au asipozidi mwaka, kwa ajili ya wale wachache ambao hata wiki ya 16 iliwakuta bado wana akiba. Na baada ya hapo hahitaji kurudiwa kwa parvo kabla ya miaka mitatu. Tena shirika hilo, likijua kwamba dunia haina watu wa kipato kimoja, husema kwamba ikiwa mwenye mbwa ana uwezo wa kulipia sindano moja tu katika maisha ya mnyama wake, basi sindano hiyo iwe baada ya kutimiza wiki 16. Msomaji alitafakari jambo hili. Sisi tulio wengi hufanya kinyume chake kabisa: fedha ya sindano moja tuliyo nayo huitoa katika wiki ya sita, wakati ambao uwezekano wa kupotea bure ni mkubwa kuliko wakati wowote, kisha tukafunga kitabu. Simlaumu mtu kwa kukosa fedha. Lakini kama fedha ni haba, basi mtoto na afungiwe ndani ya ua, asikanyage barabara wala uwanja walikopita mbwa wasiojulikana, hadi wiki ya 16 imfikie, na sindano yake apigwe hapo.

Kuna na jambo la wauzaji. Pembezoni mwa barabara kuu za miji yetu husimama vijana wenye vilebu mikononi, wakiwaonyesha wenye magari, na kila mmoja ataapa kwamba mnyama wake "kashachanjwa zote". Mwenye akiba ya hekima hataridhika na kiapo. Ataomba kadi, na katika kadi ataangalia kama ipo lebo iliyobanduliwa kwenye chupa ya dawa, jina la dawa na nambari ya toleo lake, tarehe, na sahihi ya daktari pamoja na muhuri wake, kisha atahesabu mwenyewe umri wa mnyama siku alipopigwa kila sindano. Kadi yenye maandishi ya kalamu pasipo lebo si ushahidi. Fauka ya hayo, chanjo hii ni kitu cha baridi, ambacho lazima kiwekwe baina ya nyuzi mbili na nane za Selsiasi tangu kiwandani hadi kwenye bomba la sindano, na mwenye kuinunua katika duka la dawa za mifugo ambalo jokofu lake lilizimika usiku kucha kwa kukatika umeme, akaitia mfukoni, akapanda basi kwenda kumchoma mnyama wake mwenyewe nyumbani, amenunua maji.

Wengi pia wamechanganya chanjo ya parvo na chanjo ya kichaa cha mbwa. Kila mwaka, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur, mwasisi wa chanjo ya kichaa, mwaka 1895 na ambayo dunia imeifanya kuwa siku ya kukumbusha juu ya kichaa cha mbwa, halmashauri za Tanzania na kaunti za Kenya hutangaza chanjo, na watoto wa mtaa huwaburura mbwa wao kwa kamba hadi uwanja wa shule. Kazi hiyo ni tukufu, kwa kuwa kichaa kikimpata mwanadamu na dalili zikajitokeza hakina tiba, na waliofanya bidii ya kuieneza wanastahili shukrani. Ila mwenye mbwa huondoka pale na cheti akiamini kwamba mnyama wake sasa amekingwa dhidi ya kila balaa, hali dawa ile ni ya kichaa peke yake. Parvo imo katika chanjo nyingine, ya mseto, ambayo kwa kawaida hukusanya pamoja nayo distempa na homa ya ini ya mbwa, na mara nyingi homa ya mgunda pia. Na hiyo aghalabu mtu huilipia mwenyewe.

Chanjo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni unadhifu, na katika jambo hili sitaki kupita upesi, kwa sababu nimeona nyumba nyingi ambamo kilebu wa kwanza alikufa, akazikwa nyuma ya banda, na kabla ya kupita mwezi watoto wakamlilia baba, baba akanunua mwingine, akamlaza katika sanduku lile lile na juu ya gunia lile lile, naye akafa. Na wa tatu hali kadhalika, hata majirani wakaanza kunong'ona kwamba ua ule una mkono wa mtu. Hauna mkono wa mtu. Mbwa mgonjwa huanza kutoa kirusi katika kinyesi chake siku tatu au nne baada ya kuambukizwa, kabla dalili yoyote haijaonekana, na huendelea kukitoa kwa muda wa wiki mbili na pengine zaidi, akikimwaga kwa mamilioni yasiyo na hesabu. Nacho kikikaa mahali penye kivuli na unyevu, chini ya mwembe au ukutani pasipopigwa na jua, huweza kuishi miezi mingi, hata kutimiza mwaka na kuupita. Hubebwa kwa nyayo za viatu, kwa magurudumu, kwa miguu ya nzi, kwa mikono ya mtu aliyempapasa mgonjwa na kuja kumpapasa mzima, kwa bakuli la kuazima. Kwa hiyo hata kilebu ambaye hajatoka nje ya lango anaweza kuletewa maradhi na bwana wake mwenyewe arudipo kutoka kazini.

Dawa nyingi za kusugulia sakafu, hasa zile za harufu nzuri zinazouzwa kwa sifa ya kuua vijidudu vyote, hazikiui. Kinachokiua, na ambacho kinapatikana katika kila duka la mtaa kwa bei ya mtu wa kawaida, ni klorini ya kufulia nguo nyeupe, ile ambayo wengi wameizoea kwa jina la Jik. Kipimo ni sehemu moja ya klorini kwa sehemu 30 za maji ikiwa nguvu yake ni asilimia tano au sita, na maji yapunguzwe ikiwa ni hafifu zaidi, jambo ambalo msomaji ataliona limeandikwa kwenye chupa. Iachwe juu ya sakafu ikiwa mbichi kwa dakika kumi, isichanganywe na dawa nyingine, hasa zenye asidi au amonia, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu, wala isiandaliwe leo kwa ajili ya wiki ijayo, kwa kuwa nguvu yake hupotea.

Hata hivyo klorini haifanyi kazi juu ya uchafu. Mtu akiimimina juu ya kinyesi au damu au matapishi, nguvu yake yote huishia katika uchafu huo, na kirusi kilichojificha ndani yake husalimika. Wanafunzi wa fikihi katika vyuo vya pwani yetu wanalifahamu jambo la namna hii tangu utotoni, kwa kuwa hufundishwa kwamba najisi yenye ain, yaani yenye umbo la kuonekana, haitoshi kumwagiwa maji, bali ain yake iondoke kwanza, kisha maji yapite. Na mwenye kuifuata kanuni hiyo katika banda la mbwa hatakosea: aondoe kinyesi chote, akifukie mbali au akichome, asugue sakafu kwa sabuni na maji mpaka iwe safi kwa macho, aisuuze, ndipo apige deki ya klorini na kuhesabu dakika zake. Gunia, matandiko, sanduku la mbao lenye nyufa na mpira wa kuchezea wa mgonjwa, vitu ambavyo havisafishiki, vitiwe moto. Ama udongo wa ua hauna dawa, kwani klorini hufa mara igusapo mchanga. Hapo mtu hana ila kukwangua tabaka la juu penye kinyesi, kukata matawi ili jua liingie, na kusubiri. Na anayetaka mbwa mwingine katika muda huo wa kusubiri, na amtafute aliyepita wiki 16 na kukamilisha sindano zake, wala asilete kilebu.

Najua kwamba ninapoandika haya kwa wasomaji wa pwani, wapo watakaouliza ya nini shughuli yote hii kwa mnyama ambaye mate yake, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, huoshwa mara saba na moja yake kwa udongo. Swali hilo nalichukua kwa heshima. Sheria iliyofaradhisha kuosha ndiyo ile ile iliyoruhusu mbwa afugwe kwa kuwinda, kwa kulinda mifugo na kwa kulinda shamba, na kisa cha mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha na akasamehewa madhambi yake, husimuliwa katika misikiti yetu na hapana anayekipinga. Basi mwenye kumfunga mnyama langoni mwake ili alale kwa amani usiku, huku yeye mnyama akikesha, amechukua amana, na hawezi kuitua amana hiyo kwa kusema kwamba kilicho mikononi mwake ni najisi. Mtu aweza kujihifadhi tohara yake, akawa na glovu zake na ndoo yake ya banda mbali na ndoo ya nyumba, na bado mnyama wake akapata haki yake yote.

Akiugua, asingojewe. Kilebu aliyekataa chakula na kutapika asubuhi apelekwe kwa daktari asubuhi hiyo hiyo, wala asingoje damu ionekane, na achukuliwe mikononi au katika kapu, asitembezwe juu ya sakafu ya kliniki ambamo wengine wazima wamekuja kwa chanjo. Kipimo cha kinyesi hutoa jibu katika muda wa dakika chache. Huko Marekani mwaka 2023 ilipewa kibali dawa ya kingamwili zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya parvo, lakini msingi wa tiba kila mahali ungali ule ule: dripu ya maji na chumvi, dawa ya kuzuia kutapika, antibiotiki kwa ajili ya bakteria waliopenya damuni, chakula kidogo kidogo mapema, joto na usafi, usiku na mchana kwa siku kadhaa. Waliotunzwa hivyo hupona kiasi cha wanane au tisa katika kumi. Gharama ya siku hizo huzidi gharama ya mfululizo mzima wa chanjo mara nyingi, na katika wilaya nyingi hapana mahali penye kuweza kumlaza mnyama hata kama fedha ipo. Wanadamu hawaambukizwi na parvo ya mbwa, na mama mwenye mtoto mchanga asiwe na hofu kwa hilo, ingawa kinyesi cha mbwa kina minyoo inayowadhuru watoto, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kukiondoa kila siku.

Wapo pia ambao hawana mbwa na wanadhani jambo hili haliwahusu. Katika kisiwa cha Isle Royale, kilicho ndani ya ziwa Superior huko Marekani, mbwa mwitu wa jamii ya wolf walikuwa 50 mwaka 1980, na mwaka 1982 walikuwa wamebaki 14. Kisiwa hicho ni hifadhi ambamo mbwa wa kufugwa hawaruhusiwi, na wachunguzi wanaamini kwamba parvo iliingizwa na mbwa aliyeletwa na mgeni. Hapa kwetu, mwaka 1994, distempa, ambayo kinga yake imo katika sindano ile ile ya mseto, iliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti, na uchunguzi ukaelekeza kwa mbwa wa vijijini. Na damu ya simba wa huko imeonyesha kwamba hata virusi vya jamii ya parvo vimewapitia. Kwa ajili hiyo mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi hiyo wamekuwa wakichanjwa dhidi ya kichaa, distempa na parvo kwa pamoja, na wanakijiji huwaleta kwa hiari yao. Yaliyowezekana huko, mahali pasipo na lami wala umeme wa uhakika, hayana sababu ya kushindikana Kinondoni au Likoni.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa mabwana mifugo wa halmashauri na kaunti, wanaojua kuliko mimi ugumu wa kazi yao. Siku ile ya chanjo ya kichaa, wakati mbwa wa mtaa mzima wamekusanyika, vilebu walio chini ya miezi minne watangaziwe mapema kwamba waje wamebebwa, wasiwekwe chini, maana uwanja uliokanyagwa na mbwa mia ndio mahali hasa pa kuokota parvo. Wachanjwe kichaa chao kabla ya wengine, kwa kuwa nao kichaa huwapata, na waruhusiwe kuondoka. Kando ya meza ya kichaa iwepo meza ya pili, ya chanjo ya mseto, kwa bei ya jumla isiyoongezwa faida, ambayo mwenye kutaka atailipa. Meza hiyo yahitaji sanduku la barafu lenye kipimajoto, kitabu cha kuandikia umri wa kila kilebu kwa wiki, na mtu mmoja wa kumwambia mwenye mnyama, kabla hajaondoka, tarehe anayotakiwa kurudi na tarehe ambayo wiki ya 16 itatimia.